Kimya cha Mapigo Arobaini na Tano

Waliomjua kwa kazi ya mchana walimwita Fundi, na hata wenzake wawili aliopiga nao muziki walimwita hivyo hivyo, mpaka jina lile likamganda. Alikuwa fundi wa cherehani. Kushona hakujui, kushona ni kazi ya mke wake. Yeye alizitibu mashine zenyewe: zile nyeusi za kukanyaga kwa miguu, ambazo nyingi zilimzidi umri, na hizi nyeupe za umeme ambazo, kwa maneno yake, zilizaliwa zikiwa na homa. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chembamba kilichobanwa kati ya muuza vioo na mpiga chapa. Ndani yake kulikuwa na meza iliyolowa mafuta ya miaka, makopo ya bobini, mikanda ya ngozi iliyoning'inia misumarini, na kiti kimoja cha mteja ambacho daima kilikuwa kimekaliwa na mashine.

Ngoma alizianza shuleni, katika bendi ya paredi, akiwa hana jingine la kujivunia. Baadaye alipiga harusini, kisha katika bendi za dansi zilizozaliwa na kufa bila ya mtu kuzilia. Alipotimiza miaka arobaini na mitatu alidhani yamekwisha. Hapo ndipo alipokuja dukani mtunza maktaba mmoja na cherehani ya dada yake. Bwana huyo, kumbe, alikuwa mpigaji wa besi, ile kubwa ya kusimama, na watu walimwita Mrefu kwa sababu alikuwa mfupi: urefu wote ulikuwa wa besi. Mrefu alimsikia Fundi akijaribu mwendo wa mashine kwa kugonga meza kwa bisibisi, akauliza, "Wewe unapiga wapi?" Fundi akajibu, "Sipigi popote." Mrefu akasema, "Basi Alhamisi saa kumi na moja usiwe na shughuli."

Wa tatu wao, ambaye kwa haki alikuwa wa kwanza, ni mwanamke aliyefundisha muziki katika chuo cha walimu. Wote walimwita Mwalimu. Alipiga piano kama mtu anayefikiri kwa sauti: anasema jambo, analikana, analirudia kwa namna nyingine, kisha anaondoka kabla hujamwelewa. Nyimbo zao alizitunga yeye. Fundi alikiri kwa mke wake kwamba nusu ya nyimbo hizo hakuzielewa, na nusu nyingine aliogopa kuuliza.

Kuogopa kuuliza hakukuwa udhaifu wake peke yake. Ndiyo ilikuwa desturi ya kundi lile. Mwalimu aliweka sharti moja tangu siku ya kwanza: kilichopigwa kimepigwa. Wimbo ukiisha, hakuna kujadili nani alifanya nini. Ukipotea katikati, unanyamaza, unasikiliza, unaingia tena unapopata njia, na unakunja uso kama mtu aliyekusudia. Kwa miaka minane walikaa chini ya sheria hiyo, na kwa miaka minane iliwafaa.

Kisha wakarekodi albamu.

Ilikuwa na nyimbo nane, zilizorekodiwa kwa siku mbili katika ukumbi wa chuo wakati wa likizo, viti vikiwa vimepandanishwa ukutani na fundi mitambo akiwa amejifungia katika chumba cha kuhifadhia mipira. Wimbo wa tano ulikwenda kwa mapigo saba. Asiyepiga muziki na aelewe hivi: nyimbo nyingi hutembea kwa mapigo manne, kama mtu mwenye miguu mizima, wa mapigo saba hutembea kama mwenye kokoto kiatuni. Lakini hata huo una pigo lake la kwanza, ambalo wapigaji huliita moja, na kila saba zikiisha wote watatu hukutana hapo, wakaanza upya. Ukiijua moja, uko nyumbani. Ukiipoteza, hata ukipiga kwa ufundi wa namna gani, wewe ni mtu anayebisha hodi kwenye ukuta.

Katikati ya wimbo ule Fundi aliipoteza. Alikuwa akienda vizuri, toazi, ile sahani ya shaba, likinong'ona, mara akaitafuta moja asiione, kama mtu aliyenyoosha mkono kwenye droo yake mwenyewe akakuta vijiko mahali pa bisibisi. Piano ilikuwa ikisema hili, besi ikisema lile. Akainua fimbo zake hewani, akangoja. Alingoja kwa muda aliouona kuwa mrefu kuliko mazishi. Hatimaye mkono wake, wala si yeye, ukashuka na kugonga toazi mara moja, naye akaendelea kutoka hapo. Aliona nyusi za Mrefu zikipanda, akajua ameingia mahali pasipo pake. Wimbo ulipoisha alikuwa tayari kusikia wakiambiwa warudie.

Mwalimu aliiweka mikono mapajani akasema, "Hii ndiyo. Tuendelee na wa sita."

Fundi akashika fimbo zake. Kilichopigwa kimepigwa.

Albamu ilitoka baada ya miezi mitano, ikiwa na picha yao nje, nusu ya uso wa Fundi imefichwa na shingo ya besi. Jumapili moja mtangazaji wa kipindi cha muziki redioni aliucheza wimbo wa tano wote, bila ya kuukata, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyetoka kuswali: "Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Huyu mpiga ngoma amekomaa hadi amejua kutopiga. Msikilizaji, kaa nacho hicho kimya."

Kesho yake muuza vioo alisimama mlangoni mwa duka. "Fundi! Nasikia siku hizi unasifiwa kwa kutofanya kazi. Nifundishe na mimi."

"Hayo mambo ya redio hayo, jirani."

"Hapana, kweli. Niseme kimya changu kina mshindo, wateja wakae wakinitazama."

Nyumbani mke wake, akiwa amebana pini mdomoni na gauni la mtu mapajani, alikuwa na lake la kusema. "Yaani umepigiwa makofi kwa kunyamaza? Mimi nanyamaza humu ndani mwaka wa ishirini na nne, sijaona hata mtangazaji mmoja."

"Wewe? Wewe unanyamaza?"

"Baba watoto, yale unayoyasikia ni kidogo tu. Mengi nayameza."

Fundi alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Usiku na mchana jambo moja lilimkereketa. Katika miaka zaidi ya thelathini ya kugonga vitu, hakuna aliyewahi kumtaja redioni. Sasa ametajwa, na sababu yake ni kupotea. Ikiwa kimya kile kilikuwa kosa, basi kitu bora kabisa alichopata kukifanya hakukifanya. Na ikiwa hakikuwa kosa, mbona yeye alikuwepo na hakukiona?

Ndipo Mwalimu alipotangaza kuwa watapiga albamu nzima mbele ya watu, Jumapili saa kumi alasiri, katika ukumbi wa kusomea wa maktaba ya Mrefu. "Na wa tano," alisema akifunga piano, "tuupige kama ulivyo kwenye albamu. Huo ndio watakaoujia."

Siku hiyo Fundi alifika nyumbani akaketi bila ya kuvua viatu. "Mama watoto," alisema, "nimekata shauri. Kile kimya, kama ni changu, nitakipiga tena kwa kukusudia. Nikishindwa, basi hakikuwa changu, na kile kiti cha ngoma apewe anayejua anachofanya. Ngoma tutazigawa."

Mke wake aliitoa pini mdomoni. "Uache muziki kwa sababu ya kutopiga?"

"Kwa sababu ya kutojua."

Alianza kwa kuhesabu. Aliusikiliza wimbo dukani, kipande kile kile, mara nyingi hata mpiga chapa akaanza kuupiga mluzi. Tangu alipoinua fimbo hadi alipogonga toazi yalipita mapigo arobaini na tano. Hapo ndipo aibu ilipozidi. Saba mara sita ni arobaini na mbili. Yeye akaongeza matatu. Kwa besi ya Mrefu, aliingia kwenye pigo la nne, mahali ambapo mtu mwenye akili zake haingii. Hata hivyo aliandika arobaini na tano kwa chaki chini ya meza, akajifunza kama mtoto anavyojifunza sura. Mteja mmoja, bibi mzee mwenye mashine ya kudarizi, alimkuta ameketi kimya, fimbo mbili juu, macho yamemtoka.

"Fundi, unaumwa?"

Alitikisa kichwa. Thelathini na sita, thelathini na saba.

"Nimwite mtu?"

Akapotea, akashusha fimbo. "Shikamoo, mama. Karibu. Hapana, nilikuwa nafanya mazoezi."

"Marahaba. Mazoezi ya nini?"

Fundi akaivuta mashine yake, akauliza imeanza lini kukata uzi.

Alhamisi, mazoezini, alikijaribu kile kimya. Aliinua fimbo mahali penyewe, akahesabu hadi arobaini na tano, akagonga. Ilikuwa sahihi kama risiti, na ilikuwa imekufa. Alisikia mwenyewe namna kimya kile kilivyokaa pale kikihesabika, tofauti kabisa na kile cha kwenye albamu ambacho kilikuwa kama mtu aliyeacha kupumua. Mwalimu alikunja uso kidogo. Mrefu alitazama dirishani. Hakuna aliyesema neno, maana sheria ni sheria.

"Mwendee," mke wake alimwambia. "Mwendee huyo mwanamke umuulize. Kwani atakumeza?"

Alimkuta Mwalimu chuoni, katika chumba chake chenye piano ya mazoezi na marundo ya karatasi za mtihani. Alianza kwa hali ya hewa, akapita kwa afya za jamaa, na alipoishiwa na njia za kuzunguka akajipiga moyo konde.

"Mwalimu, nimekuja kuvunja sheria. Wimbo wa tano. Kile kimya. Mimi sikunyamaza, nilipotea. Sikujua tuko wapi. Nimekaa na sifa za watu kama mtu aliyeokota koti, akasifiwa kwa jinsi lilivyomkaa."

Mwalimu aliweka kalamu chini.

"Ulipotea wewe?"

"Mimi."

"Fundi, niliyepotea ni mimi."

Fundi alinyamaza, na safari hii hakuna redio ambayo ingemsifu.

"Niliruka mapigo manne," Mwalimu alisema. "Mkono wa kushoto uliteleza, nikaanza duru mpya kabla ya wakati. Nikasema, haya, nimewaharibia. Mara nikakuona umeinua fimbo. Nikajua umenisikia, umenyamaza ili unipishe. Ukangoja hata nikatulia, na uliporudi, ulirudi kwenye moja yangu. Yangu mimi, Fundi, ile mpya. Hukukosea hata unywele. Kwa nini unadhani nilisema hii ndiyo? Sijawahi kufanyiwa wema kama ule kwenye piano."

"Lakini mimi sikukusudia."

"Mkono wako ulikwenda wapi?"

"Sijui ulikokwenda."

"Mimi najua. Ulikuja kwangu."

Fundi alitoka pale akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyoingia. Alikuwa ameleta kosa moja. Anaondoka na mawili, na kati yake wema ambao hakuna aliyeutenda. Je, mkono husikia kisichosikiwa na mwenyewe? Na kama husikia, sifa ni za nani? Miguu ilimpeleka maktaba.

Mrefu alikuwa akipanga vitabu vilivyorudishwa, kwa hiyo mazungumzo yote yalifanyika kwa kunong'ona. Fundi alimsimulia yake na ya Mwalimu. Alitarajia kicheko. Mrefu aligeuka akiwa na kamusi mbili kifuani, uso umemwiva.

"Kwa hiyo hamkupanga?"

"Kupanga nini?"

"Usinifanye mtoto, Fundi. Mimi nilibaki kwenye njia, mapigo yangu saba, saba, saba, kama punda wa kinu. Mara Mwalimu kaondoka, wewe umenyamaza, halafu mnakutana wawili nyinyi upande wa pili, pamoja, kama mlioahidiana. Nikasema, kumbe hawa walikubaliana, wakaniacha mimi niwe mlinda nyumba. Miezi yote hii nimeumeza huo mfupa."

"Mbona hukusema?"

"Kilichopigwa si kimepigwa?"

Msomaji mmoja aliwasonya kutoka meza ya pembeni. Mrefu alinyanyua mkono kuomba radhi, akashusha sauti zaidi. "Haya. Sasa Jumapili tunapiga nini? Kupotea kwako, kupotea kwa Mwalimu, au ununaji wangu?"

Wakakubaliana, kwa njia ya simu na kwa maneno machache kama watu wanaoogopa kuamsha mgonjwa, kwamba watapiga vile vile ilivyokuwa. Mwalimu aruke manne kwa makusudi, Fundi anyamaze arobaini na tano, Mrefu abaki njiani. Fundi hakumwambia yeyote kati yao kwamba kiti chake kilitegemea hesabu hiyo.

Jumapili ukumbi wa kusomea ulijaa. Mtangazaji wa redio aliketi mstari wa mbele na daftari gotini. Mke wa Fundi aliketi nyuma, karibu na rafu za ramani, amevaa gauni ambalo lilikuwa halijapata pindo hadi asubuhi ile. Nyimbo nne za kwanza zilikwenda salama. Wa tano ulipoanza Fundi aliona watu wakisogea mbele kwenye viti vyao.

Walipofika mahali pale Mwalimu aliruka manne, sawasawa. Fundi akainua fimbo. Moja, mbili, tatu. Ukumbi ukazizima. Alifika ishirini, ishirini na moja. Alikuwa salama, alikuwa sahihi, na kimya kilikuwa kimekufa vile vile kama Alhamisi. Kwenye thelathini na kitu sikio lake likakwaruzwa. Besi haikuwa mahali pake. Mrefu, kwa kutaka safari hii asiachwe nyuma, alikuwa ameihama njia yake akimfuata Mwalimu. Na Mwalimu, kwa kuisikia besi imemjia, alikuwa akirudi upande ule ambao Mrefu alikuwa ametoka. Walipishana kama watu wawili mlangoni, karibu wewe, hapana karibu wewe. Hesabu ya Fundi ikamwagika yote.

Arobaini na tano yalipita, na huenda hamsini, na huenda sabini. Watu hawakupepesa. Mtangazaji alikuwa amefumba macho na uso wake umejaa raha. Fundi akaona wazi, na ndilo jambo pekee aliloliona wazi kwa miezi ile yote, kwamba anaweza kugonga popote. Popote. Ama sasa, ama baada ya mapigo kumi, ama asigonge kabisa, watasema amekomaa. Atatoka pale na kiti chake, na sifa zake, na hatajua tena maisha yake yote kama anapiga au anapigiwa.

Akainamia upande wa besi. Lakini ukumbi wa kusomea umejengwa ili hata karatasi isikike, na sauti yake ikafika hadi kwenye rafu za ramani.

"Mrefu, moja iko wapi?"

Mtu mmoja akashtuka. Mrefu hakuacha kupiga. "Usiniulize mimi," alisema huku jasho likimtoka, "mimi namfuata Mwalimu!"

"Nami nilikuwa nawafuata nyinyi!" Mwalimu aliita kutoka kwenye piano. Kisha akaitupa mikono miwili upande mmoja wa piano na kuanza kuhesabu, kwa sauti ya mtu anayewavusha wanafunzi barabara: "Nne, tano, sita, saba, na..."

Wakaingia pamoja, wote watatu, kwa kishindo kilichokuwa kikubwa mno kwa wimbo ule. Ukumbini watu wengine walicheka, wengine walitazamana, na mzee mmoja alipiga makofi mahali pasipopigwa makofi. Fundi alipiga hadi mwisho bila ya kujua kama ni vizuri au ni vibaya. Alijua tu alipo. Mtangazaji alikuwa amefumbua macho na anaandika, lakini kwa kasi ile mtu anaweza kuwa anasifu au anazika.

Baadaye, watu walipokuwa wakitoka, bwana mmoja wa makamo alimjia na albamu atie saini.

"Leo wa tano mliubadilisha, kaka. Nini kilitokea?"

"Nilipotea."

"Na kwenye albamu?"

"Kule pia."

Mtu yule akatikisa kichwa taratibu kama aliyepewa neno zito la hekima, akashukuru, akaondoka. Fundi alitaka kumkimbilia amweleze kwamba halikuwa fumbo, lakini angeanzia wapi?

Mke wake alikuwa tayari amesimama kando ya ngoma kubwa, mkoba wake begani. Alimtazama akifungua skrubu ya toazi, akaifunga, akaifungua tena.

"Haya, baba watoto. Unaacha au huachi?"

"Hata sijui kama nilishinda au nilishindwa."

"Sikukuuliza hilo."

Fundi alifikiri. Nyuma yake Mwalimu na Mrefu walikuwa tayari wanabishana, kwa sauti, hadharani, nani aliyemwacha mwenzake mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minane kuwasikia hivyo, na kila mmoja alimwita Fundi aje atoe ushahidi.

"Siachi," alisema.

Mke wake akainama, akashika upande mmoja wa ngoma. "Basi inua huko."